Marejesho na Sahani ya Mtoto

Ukipita asubuhi katika mitaa ya Manzese, iwe Midizini, Uzuri au Mvuleni, kuna neno moja utakalolisikia gengeni, bombani na kwenye kibaraza cha msusi. Neno hilo ni marejesho. "Leo nina marejesho." "Sijapata hata ya marejesho." Wapo akina mama wanaoamka na kuwaza marejesho kabla hawajawaza chai ya watoto.

Kukopa si aibu. Matajiri wanakopa, na serikali zinakopa. Mama anayekopa ili mwanawe aende shule hajafanya kosa lolote. Lakini mkopo unaolipwa kila siku una tabia moja ambayo kila mama mwenye watoto wadogo anapaswa kuifahamu. Mkopo huo haungoji nyumba ishibe kwanza. Pesa yake hutoka mkononi kabla sufuria haijabandikwa jikoni, na anayepunguziwa bila kuulizwa ni mtoto.

Katika makala hii tutaangalia deni linavyoingia nyumbani, linavyofika jikoni, na hatua ambazo baba na mama wanaweza kuchukua ili walilipe bila kuwanyima watoto chakula.

Pesa ya siku, gharama za mkupuo

Manzese ni mahali pa watu wachapakazi. Mji huu ulikua kando ya barabara ya Morogoro watu wakijijengea wenyewe, na katika miaka ya 1970 ukaingizwa katika mradi wa kuboresha makazi uliofadhiliwa na Benki ya Dunia. Jirani yake kilijengwa kiwanda cha nguo cha Urafiki, kilichofunguliwa mwaka 1968. Tangu mwaka 2016 kata ya Manzese imo katika Manispaa ya Ubungo, iliyomegwa kutoka Kinondoni.

Zamani wapo waliotegemea mshahara wa kiwanda mwisho wa mwezi. Leo familia nyingi za hapa hula pesa ya siku. Baba anaendesha bodaboda, anabeba mizigo sokoni au anauza mitumba. Mama anapika vitumbua, anauza mboga au anashona. Wakiuza, wanakula. Mvua ikinyesha siku nzima, hakuna kitu.

Tatizo ni kwamba gharama kubwa za nyumba haziji kwa siku. Zinakuja kwa mkupuo. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita, na wengine wanataka ya mwaka mzima. Mwezi wa Januari shule zinafunguliwa, na kila mtoto anahitaji sare, viatu na madaftari. Mara mtoto anashikwa na homa usiku. Mara simu inatoka kijijini kwamba kuna msiba na nauli inatakiwa leo.

Hapo ndipo mkopeshaji anapopata mlango. Anakwambia, "Mama, nakupa leo hii, utalipa kidogo kidogo kila siku." Kwa mtu anayepata pesa ya siku, maneno hayo ni matamu kweli. Yanaonekana yamekatwa kwa kipimo chake. Ndiyo maana mikopo hiyo imeenea, na ndiyo maana wananchi wenyewe wameipa jina la kausha damu.

Hebu tupige hesabu

Akina mama wengi wanajua marejesho yao ya siku, lakini hawajui riba yao. Tuchukue mfano wa familia ya watu watano: baba, mama na watoto watatu. Januari wamekwama, wakakopa sh. 200,000. Mkopeshaji amekata sh. 20,000 za fomu, kwa hiyo mkononi wamepokea sh. 180,000. Masharti ni kulipa sh. 9,000 kila siku kwa siku 30.

Mara 30, hiyo ni sh. 270,000. Walichopokea ni 180,000. Kwa hiyo wamelipia sh. 90,000 kwa kuazima pesa mwezi mmoja. Hiyo ni nusu nzima ya walichopokea.

Sasa tuitazame nyumba yenyewe. Tuseme baba na mama kwa pamoja wanabakiwa na sh. 20,000 kwa siku baada ya kutoa gharama za biashara, na wanafanya kazi siku 26 kwa mwezi. Wanapata sh. 520,000. Matumizi yao ni haya:

Chakula, sh. 8,000 kwa siku: 240,000
Kodi ya chumba, kuwekewa kila mwezi: 60,000
Mkaa au gesi: 45,000
Nauli na mahitaji ya shule: 35,000
Umeme na maji: 30,000
Sabuni, mafuta ya kupaka na mengineyo: 20,000
Jumla: 430,000

Wanabakiwa na sh. 90,000, ikiwa mwezi huo hakuna mgonjwa, msiba wala mchango. Maana yake uwezo wao wa kulipa deni ni sh. 3,000 kwa siku. Lakini waliahidi 9,000. Zile sh. 90,000 zote wanazobakiza zinakwisha kulipa riba na fomu tu. Sh. 180,000 walizokopa wazitoe wapi?

Kodi haiguswi, kwa kuwa mwenye nyumba atawatoa. Nauli haiguswi, kwa kuwa bila nauli hakuna kazi. Kinachobaki ni chakula. Wanapungukiwa sh. 6,000 kila siku, na chakula chao ni sh. 8,000. Wakilipa marejesho kamili, jikoni zinabaki sh. 2,000 za kulisha watu watano.

Hakuna nyumba inayoweza kuishi hivyo mwezi mzima. Kwa hiyo wiki ya pili mama anakwenda kwa mkopeshaji mwingine, anachukua mkopo mpya ili alipe ule wa kwanza. Siku hiyo anapumua. Kesho yake ana wakusanyaji wawili mlangoni badala ya mmoja.

Deni linavyoingia jikoni

Njaa ya namna hii haiji kwa kelele. Kwanza yanaondoka maziwa. Halafu inaondoka mboga ya pili. Halafu chai ya asubuhi inakuwa ya rangi bila kitafunwa. Halafu dagaa wanaondoka, na ugali unaliwa na mchuzi wa nyanya. Mtoto mkubwa atalalamika. Mtoto wa mwaka mmoja hawezi kulalamika. Tumbo lake limejaa uji mwepesi, analala, na mama anadhani ameshiba.

Wataalamu wa lishe wanasisitiza siku 1,000 za kwanza, tangu mimba inapotungwa hadi mtoto afikishe miaka miwili. Hicho ndicho kipindi mwili na ubongo wake vinapojengwa, na kilichokosekana wakati huo ni vigumu kukirudisha baadaye. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao unavyotaka. Sababu za udumavu ni nyingi, na deni peke yake haliwezi kubebeshwa lawama yote. Hata hivyo, mama anayelipa marejesho na huku ana mtoto mchanga aiangalie kadi ya kliniki kama anavyoliangalia daftari la mkopo. Mstari wa uzito ukilala au ukishuka, azungumze na muuguzi siku hiyo hiyo, na jioni wakae nyumbani waone nini kimepunguzwa jikoni.

Yaandike madeni yote

Hatua ya kwanza ya kutoka haihitaji hata senti moja. Chukua daftari, andika kila deni ulilo nalo. Usiandike ya mkopeshaji peke yake. Andika la Mangi dukani, la gengeni, la jirani aliyekupa sh. 5,000 wiki iliyopita, la mwenye maji, la kikoba, la simu, na kitenge ulichochukua kwa kulipa kidogo kidogo. Kwa kila deni andika mambo matano:

1. Unamdai au anakudai nani. (Ndiyo, andika na wanaodaiwa na wewe. Wako watu waliosahau kwamba wao pia wanadai.)
2. Ulipokea kiasi gani mkononi.
3. Umekwisha kulipa kiasi gani.
4. Kimebaki kiasi gani, na kinalipwa siku, wiki au mwezi.
5. Uliweka nini rehani, au nani alikudhamini.

Wengi wakimaliza zoezi hili hupata mshtuko, kwa sababu deni lililokuwa kichwani ni dogo kuliko lililo kwenye karatasi. Usifunge daftari. Mshtuko huo ni bora kuliko kuishi kwa kukisia. Wengine hugundua jambo jema: kwamba deni fulani walikwisha kulimaliza na wanaendelea kulipa kwa sababu hawakuwa na kumbukumbu. Tangu siku hiyo, kila ukilipa, andika tarehe na kiasi, na mwombe anayepokea atie sahihi. Ukilipa kwa simu, usifute ujumbe.

Mwambie mwenzako

Katika nyumba nyingi, deni lenyewe halisumbui sana kama siri yake. Mama amekopa bila baba kujua. Baba ameiweka rehani pikipiki bila mama kujua. Kila mmoja anakata kwenye pesa ya matumizi ili aficha la kwake, na kila mmoja anamwona mwenzake mbadhirifu. Siku wakusanyaji wanapokuja kutoa televisheni na godoro nje, ndipo nyumba nzima inajua, na mtaa mzima unajua.

Chagua wakati wa kusema. Usiseme wakati ametoka kazini ana njaa, wala mbele ya watoto, wala mbele ya mawifi. Watoto wakishalala, weka daftari mezani. Anza kwa upole: "Baba watoto, nina jambo limenishinda peke yangu, naomba tulihesabu pamoja." Kama wewe ndiye baba unayesoma ukurasa huu, wewe nawe una daftari lako. Lilete.

Kama unaogopa kwamba mazungumzo yatageuka ugomvi wa kupigana, usiyaanze ukiwa peke yako. Mwite mtu mnayemheshimu wote wawili, kama mshenga wenu, shangazi au mzee wa ukoo, akae kati. Na mama anayelea watoto peke yake asibebe daftari hilo peke yake. Amtafute dada au rafiki mmoja mwenye kifua, anayeweza kumwuliza kila wiki, "Umefikia wapi?"

Ni vizuri pia kujua sheria inasemaje. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inakataza mume au mke kuuza, kupangisha au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina la mmoja tu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inampa mzazi wajibu wa kumpatia mtoto chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu. Wajibu huo hauondoki kwa sababu mzazi ana deni.

"Sema mama hayupo"

Kuna tabia moja imezoeleka mitaani ambayo tunapaswa kuiacha. Mkusanyaji akigonga, mama anajificha chumbani na kumtuma mtoto mlangoni: "Kamwambie mama hayupo." Mtoto wa miaka mitano anasimama mbele ya mtu mzima mwenye hasira, anatetemeka, anasema uongo aliofundishwa na mama yake.

Mtoto huyo anajifunza mambo mawili kwa siku moja. Anajifunza kwamba mtu akibisha hodi ni wa kuogopwa, na kwamba uongo ni njia ya kutoka kwenye shida. Afadhali utoke mwenyewe useme, "Leo nina elfu mbili, pokea hiyo, na Ijumaa nitakupa nyingine." Ni vigumu, lakini ni vigumu mara moja. Watoto wakubwa kidogo, wa darasa la tatu na kuendelea, wanaweza kuelezwa kwa maneno mepesi: "Mwezi huu tuna deni, kwa hiyo hatutanunua nguo za sikukuu. Tukimaliza tutanunua." Mtoto anayeambiwa ukweli huvumilia kuliko tunavyodhani.

Lipi lilipwe kwanza?

Mkishakaa na daftari, msikimbilie kumlipa anayepiga kelele zaidi. Pangeni hivi.

Kwanza, tengeni chakula cha watoto, kodi, na mtaji wa biashara. Hivi vitatu si vya kugusa. Mama anayekula mtaji wa vitumbua ili alipe marejesho amekata tawi alilokalia.

Pili, kilichobaki ndicho cha madeni. Katika mfano wetu ni sh. 3,000 kwa siku. Nendeni kwa mkopeshaji kabla siku ya kushindwa haijafika, mkiwa wawili, na mwambieni kiasi hicho. Mwombeni arefushe muda na asimamishe faini. Atakayekubali, akubali kwa maandishi. Wapo watakaokataa, lakini wapo wengi wanaopenda kupata kidogo kwa uhakika kuliko kukufukuza mtaani bila kupata kitu.

Tatu, wape wengine wote kiasi kidogo cha kuonyesha nia njema, na nguvu ya ziada ielekezeni kwenye deni lenye riba kubwa kuliko yote. Likiisha, pesa yake ihamie kwenye linalofuata. Deni la Mangi halina riba, lakini lilipeni kidogo kidogo bila kukosa, kwa kuwa Mangi ndiye atakayewapa unga siku ya mvua.

Nne, msikope ili kulipa mkopo. Kukopa ili kulipa ndiko kunakofanya deni la mwezi mmoja liwe la miaka mitatu.

Mkusanyaji akikutisha kwa matusi au kwa polisi, tulia. Kushindwa kulipa deni ni shauri la madai, si wizi, na mahali pake ni mahakamani. Peleka jambo kwa mjumbe na ofisi ya Serikali ya Mtaa, ukiwa na mkataba na daftari lako la malipo, ili mpatanishwe mbele ya mashahidi.

Kubana matumizi bila kumbana mtoto

Yako maeneo ambayo nyumba inaweza kuokoa pesa na mtoto asipoteze kitu. Tutaje machache.

Maziwa ya mama. Mtoto wa chini ya miezi sita hahitaji kitu kingine zaidi ya maziwa ya mama, hata maji. Maziwa ya kopo ni ghali, na yakizimuliwa ili yadumu yanamdhoofisha mtoto. Shilingi inayonunua kopo hilo ni afadhali imnunulie mama mchicha, maharage na matunda.

Chakula cha kupima. Mafuta ya kupima, unga nusu kilo, sukari robo: kila kipimo kidogo kina faida ya mwuzaji ndani yake. Majirani watatu au wanne wakichangishana, mmoja akaenda Tandale kwa nafaka au Mabibo kwa mboga na ndizi, wakagawana nyumbani kwa mizani, kila mmoja ataona tofauti. Dagaa wenye mchicha au matembele wanamjenga mtoto kuliko soda na biskuti.

Matibabu. Sera ya afya nchini inasamehe malipo kwa watoto walio chini ya miaka mitano na kwa wajawazito katika vituo vya serikali, na chanjo za watoto hutolewa bure. Ikiwa unatozwa, uliza kwa adabu kwa mganga mfawidhi au ofisi ya ustawi wa jamii ya kituo. Homa ikiwahiwa siku ya kwanza haigharimu kama homa iliyongojwa hadi siku ya nne.

Shule. Tangu mwaka 2016 shule za msingi na sekondari za serikali hadi kidato cha nne hazitozi ada. Michango mingine ijadiliwe katika mkutano wa wazazi. Nenda kwenye mkutano huo. Asiyehudhuria hulipa kilichoamuliwa na wengine.

Umeme. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU. Mpangaji anayenunua umeme anamlipia mwenye nyumba kodi yake. Wekeni kumbukumbu na mzungumze naye kwa upole, ili kiasi hicho kihesabiwe kwenye pango.

Sherehe. Hapa tuambiane ukweli. Kadi za michango ya harusi, sare za sherehe, zawadi za kumfunda bibi harusi na pesa za kutunza vinamaliza mitaji ya akina mama wa mjini. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Nyumba yenye deni ijiwekee kiwango: mchango kwa ndugu wa karibu tu, na kwa kiasi tulichokubaliana baba na mama. Kwa wengine nenda kasaidie kuosha vyombo. Anayekupenda atakuelewa.

Ikibidi kukopa

Siku nyingine hakuna njia nyingine. Basi mama ajue milango iliyopo.

Kikoba ni mlango wa kwanza. Mfumo huu ulianza kwa vikundi vya wanawake huko Niger mwaka 1991 chini ya shirika la CARE, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ukaenea Zanzibar na Tanzania Bara. Wanachama hununua hisa kila wiki, hukopeshana, na huwa na mfuko wa jamii kwa ajili ya ugonjwa na msiba. Riba wanayolipa wanachama hurudi kwao wakati wa kugawana. Lakini kikoba kiwe na katiba, kisajiliwe, na sanduku lisikae kwa mtu mmoja mwenye funguo zote.

Mlango wa pili ni mkopo wa halmashauri. Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ili kurekebisha utaratibu wake, na ikarejeshwa mwaka 2024. Mwone afisa maendeleo ya jamii wa kata. Ni mkopo wa biashara kwa kikundi kilichosajiliwa, kwa hiyo si wa kulipia kodi ya nyumba.

Mlango wa tatu ni SACCOS na wakopeshaji wenye leseni. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka kila mkopeshaji awe na leseni, na Benki Kuu imeelekeza kwamba riba ya wakopeshaji wadogo isizidi asilimia 3.5 kwa mwezi. Linganisha na mfano wetu: asilimia 3.5 ya sh. 200,000 ni sh. 7,000. Familia yetu ililipa sh. 90,000. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majina ya programu 69 za kukopesha kwa simu zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Programu ya namna hiyo ikiingia kwenye simu yako huchukua namba za ndugu zako wote, na siku ukichelewa, baba mkwe ndiye anayetumiwa ujumbe wa kukudhalilisha.

Kabla ya kutia sahihi popote, uliza: Leseni yako iko wapi? Nitapokea kiasi gani mkononi? Jumla nitalipa kiasi gani mpaka mwisho? Nikichelewa siku moja itakuwaje? Nakala yangu ya mkataba iko wapi? Asiyetaka kujibu maswali hayo, ondoka kwake. Na kamwe usimwachie mtu kadi yako ya benki pamoja na namba yake ya siri.

Januari ijayo

Gharama nyingi zinazotupeleka kwa mkopeshaji tunazijua tarehe zake. Januari haijawahi kuchelewa. Kodi ya miezi sita tunaijua siku yake. Kinachotakiwa ni kuigeuza gharama ya mkupuo kuwa ya siku, lakini kabla haijafika badala ya baada.

Familia inayoweka sh. 1,000 kila siku kuanzia tarehe 1 Februari hadi tarehe 31 Desemba itakuwa na sh. 334,000. Anayeweka sh. 500 atakuwa na sh. 167,000. Familia ya mfano wetu ililazimika kutoa sh. 9,000 kwa siku kwa sababu haikuwa imetoa sh. 1,000. Weka kwenye kibubu kisichofunguka mpaka kivunjwe, au kwenye hisa za kikoba, au kwenye upatu wenye kijumbe mwaminifu ambao zamu yako itaangukia Desemba. Siku usiyopata kitu usijilaumu. Kesho yake anza tena.

Nyumba iliyo katikati ya deni leo haitaanza kwa sh. 1,000. Ianze kwa daftari, kisha mazungumzo ya usiku mmoja kati ya baba na mama, kisha kwenda kwa mkopeshaji na kiasi cha kweli. Dawa ya deni ni kulipa, hilo halina mjadala. Lakini lilipwe kwa mpango, watoto wakiwa wamekula.